Kwa nini haki ya rufaa kwenye kriketi iwe mali ya nahodha?

Kijiti cha Kati (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu. Rufaa ninayoizungumzia ni ile nafasi ya timu kuomba uamuzi wa uwanjani uangaliwe upya kwa picha na mwamuzi wa tatu; kila timu ina chache, na ikikosea inapoteza moja. Uzi huu ni mrefu, na ninaomba mwenye subira ausome wote kabla ya kujibu, kwa sababu kila tunapojadili teknolojia na waamuzi wa kriketi huwa tunaishia kugombana kama mashine iaminiwe au isiaminiwe, na ugomvi huo kwangu umeshapoteza ladha.

Nianze na Leeds, tarehe 25 Agosti 2019, siku ya nne ya mechi ya tatu ya Ashes, mfululizo wa Uingereza na Australia. Uingereza walitakiwa kufikisha mikimbio 359 ili waifunge Australia, walikuwa wamebakiwa na wiketi moja (mpigaji mmoja akitolewa, mechi imeisha), na mikimbio iliyohitajika ilikuwa miwili tu. Nathan Lyon wa Australia akarusha, Ben Stokes wa Uingereza akajaribu kuupiga mpira kwa nguvu akaukosa, ukamgonga kwenye pedi. Waaustralia wote wakapiga ukelele wa kudai atolewe. Mwamuzi Joel Wilson akakataa. Muda si muda mfumo wa kufuatilia mpira ukawaonyesha watazamaji wa televisheni kwamba mpira ule ulikuwa unakwenda kwenye vijiti, lakini Australia hawakuwa na rufaa hata moja, kwa kuwa muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wameitumia ya mwisho dhidi ya Jack Leach, mpigaji mwenzake Stokes, kwa mpira wa Pat Cummins uliodunda nje ya kijiti cha upande wa mguu, yaani mpira ambao kisheria hauwezi kumtoa mtu kwa mguu mbele ya wiketi (kosa la mguu kuuzuia mpira uliokuwa unakwenda kwenye vijiti) hata kama ungekwenda kuvunja vijiti vyote vitatu. Stokes akamaliza na mikimbio 135 bila kutolewa, na Uingereza wakashinda kwa wiketi moja.

Watu wengi walimlaumu Wilson, na wengine wakamlaumu Tim Paine, nahodha wa Australia, kwa uchoyo wa kukata rufaa ile dhidi ya Leach. Mimi nauliza jambo jingine. Kamera zilikuwa zimefungwa na zinafanya kazi, mwamuzi wa tatu alikuwa ameketi mbele ya skrini, na jibu lilipatikana; je, ni kwa mantiki gani jibu hilo lisitumike eti kwa sababu mtu mmoja aliyesimama nyuma ya vijiti alikosea hesabu dakika chache kabla?

Tukumbuke kwamba mambo hayakuanza hivi. Teknolojia ilipoingia kwenye mechi za Testi (zile za siku tano), Durban, Novemba 1992, Afrika Kusini wakicheza na India, aliyeomba msaada wa picha alikuwa mwamuzi mwenyewe. Sachin Tendulkar wa India alitolewa akiwa mbioni baada ya Cyril Mitchley kumwomba Karl Liebenberg, mwamuzi wa tatu, aangalie marudio ya televisheni. Hakuna nahodha aliyeulizwa kama ana akiba ya rufaa. Oktoba 2005, Australia walipocheza na kikosi cha wachezaji wa dunia mjini Sydney, waamuzi waliruhusiwa kwa majaribio kupeleka juu hata maswali ya mguu mbele ya wiketi, na bado hiari ilikuwa yao.

Kilichogeuza mambo, kwa maoni yangu, ni hasira ya Januari 2008. Katika mechi ya Sydney kati ya Australia na India, Andrew Symonds wa Australia aligusa mpira kwa gongo akiwa na mikimbio 30, ukadakwa, mwamuzi Steve Bucknor hakuona wala kusikia, na Symonds akaendelea hadi 162 bila kutolewa. India walilalamika kwa nguvu kiasi kwamba Bucknor aliondolewa kwenye mechi iliyofuata Perth. Miezi michache baadaye, Julai, rufaa za wachezaji zikajaribiwa nchini Sri Lanka, na wageni walikuwa India haohao waliodhulumiwa Sydney. Katika mfululizo ule wa mechi tatu Sri Lanka walifanikiwa kubadilisha uamuzi mara 11, India mara 1. Kamera zilikuwa zilezile na waamuzi walewale. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja ulijua kucheza mchezo wa kukata rufaa na mwingine haukujua, na mimi naona kwamba siku hiyo, kabla hata ya mfumo kuzinduliwa rasmi Dunedin mwezi Novemba 2009, tulishaonyeshwa kasoro yake, tukaipita.

Hoja yangu, basi: rufaa ziondolewe mikononi mwa wachezaji, na mwamuzi wa tatu apewe wajibu wa kusahihisha kosa lililo wazi bila kusubiri kuombwa.

Ova ya Sita

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umeruka hoja kubwa kuliko zote zinazotetea utaratibu uliopo. Mpigaji anajua. Mpira ukigusa ukingo wa gongo, mikono yake inahisi. Ukigusa pedi, mguu wake unahisi. Hakuna kamera wala mwamuzi mwenye taarifa hiyo. Unapompa mpigaji rufaa unamruhusu shahidi wa karibu kabisa atoe ushahidi wake, na unapomwekea idadi ndogo ya rufaa unamzuia kuitumia nafasi hiyo kusema uongo. Hiyo ndiyo siri ya mgao. Mwongo analipia.

Tuje kwa manahodha. Unaitaja Leeds, nami nitakukumbusha Nottingham, Julai 2013. Stuart Broad wa Uingereza aligusa mpira wa Ashton Agar wa Australia, ukampiga mlinda wiketi Brad Haddin, ukaishia mikononi mwa Michael Clarke. Uwanja mzima uliona. Mwamuzi Aleem Dar hakuona, Broad akabaki palepale amesimama kama hakuna lililotokea, na Australia walikuwa wamekwisha kumaliza rufaa zao. Waliishia kushindwa kwa mikimbio 14. Nilisikitika kama wengine, lakini nilijiuliza pia ni nani aliyezimaliza zile rufaa. Sheria ilikuwa wazi kwa pande zote mbili tangu asubuhi ya kwanza. Mchezo wenye nahodha anayechagua nani arushe, wadakaji wasimame wapi, na apige kwanza au arushe kwanza, unaweza pia kumwachia achague lini apinge uamuzi.

Na kuna suala la muda. Ukimwambia mwamuzi wa tatu aangalie kila mpira uliogusa pedi, mtakuja kuniambia siku ya mechi ya Testi inaishia saa ngapi. Tayari waamuzi wa uwanjani wanapeleka juu hata mbio ambazo mpigaji amevuka mstari kwa hatua mbili nzima, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana amekosea kwenye skrini kubwa. Tukiongeza hilo la kwako, mwamuzi atabaki kigingi cha kutundikia sweta na kofia za warushaji.

Koti Jeupe

Niliwahi kuwa mwamuzi wa ligi ndogo kwa miaka kadhaa, katika viwanja visivyo na kamera yoyote, kwa hiyo naomba nizungumzie kile kinachoonekana kutoka pale nyuma ya vijiti vya mrushaji, ambacho watazamaji wa televisheni hawakioni.

Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa unamaliza umbali huo kwa takribani nusu sekunde. Kabla ya hapo macho yako yako chini, unatazama mguu wa mbele wa mrushaji usivuke mstari, kisha unainua kichwa, na wakati huo mpira umeshaondoka mkononi mwake. Ndani ya nusu sekunde hiyo unatakiwa kujua umedunda wapi, umemgonga mpigaji wapi kwa upana, wapi kwa kimo, kama gongo liligusa kwanza, na kama mguu usingekuwapo mpira ungeendelea hadi kwenye vijiti au ungepita. Hayo manne ya kwanza ni mambo yaliyotokea. La tano halikutokea na halitatokea kamwe, kwa sababu mguu ulikuwapo.

Ndiyo maana mimi huwaeleza watu kwamba mfumo wa kufuatilia mpira una sehemu mbili ambazo kwenye skrini hazionyeshi mshono. Hadi mpira unapogusa pedi, kamera zimeuona. Kuanzia pale, kompyuta inakadiria. Makadirio hayo ni mazuri kuliko yangu na ya mwamuzi yeyote ninayemfahamu, lakini yanazidi kuwa dhaifu kadiri mpigaji anavyokuwa mbali na vijiti na kadiri kipande cha njia kilichoonekana baada ya mpira kudunda kinavyokuwa kifupi. Zamani sheria ililikiri hilo waziwazi. Katika Kombe la Dunia la 2011 mjini Bengaluru, India na Uingereza walipotoka sare ya mikimbio 338 kwa 338, Ian Bell wa Uingereza aliponea kwenye rufaa ingawa picha ilionyesha mpira unakwenda kwenye vijiti, kwa sababu alikuwa amesogea mbele zaidi ya mita 2.5, na kwa umbali huo makadirio hayakuruhusiwa kuubatilisha uamuzi wa uwanjani kirahisi. Watu walikasirika. Mimi niliona ni mara ya kwanza mashine kukubali hadharani mipaka yake.

Nitasimulia kosa langu moja. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, mrushaji wa kasi, mpira umepita karibu na ukingo wa gongo, nikasikia mlio mkavu kama kijiti kinavunjika, mlinda wiketi akadaka, wote wakaruka. Nikainua kidole. Mpigaji hakusema neno. Alitazama pedi yake ya mbele, akatazama gongo lake, akaondoka taratibu. Wakati wa chai mlinda wiketi, mtu wa timu iliyonufaika, akanijia akaniambia kwa upole, “Mzee, lile lilikuwa gongo limegonga pedi.” Sauti ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilitoka kwingine. Miaka mingi baadaye, Novemba 2024 mjini Perth, K. L. Rahul wa India alitolewa na mwamuzi wa tatu kwa mpira uliopita karibu na gongo kukiwa na alama ya sauti kwenye skrini, na mjadala wote baada ya hapo ukawa uleule: je, ni gongo kwenye mpira, au gongo kwenye pedi? Mimi nilikuwa na sikio, wao walikuwa na maikrofoni ya kijiti na picha za mwendo wa pole, na swali halikubadilika.

Mpira Mpya

Mzee Koti Jeupe, nakuheshimu, lakini hii “kauli ya mwamuzi”, yaani uamuzi wa uwanjani kubaki pale mashine inapokuwa na shaka, siielewi na sitaki kuielewa. Mpira mmoja, unaogusa kijiti mahali palepale, ukiitwa umetoka unabaki umetoka, na ukiitwa haujatoka unabaki haujatoka. Mwaka 2021 Virat Kohli, nahodha wa India wakati huo, alilalamika hadharani kwamba utaratibu huo unaleta mkanganyiko, na Tendulkar alikuwa ameshasema mwaka uliotangulia kwamba mpira ukigusa vijiti, kwa kiasi chochote, mtu atoke. Mtu akiangushiwa vijiti hatuulizi mpira uligusa asilimia ngapi.

Koti Jeupe

Mwanangu Mpira Mpya, hatuulizi kwa sababu tuliviona vijiti vikianguka. Huko ni kutokea, na huku ni kukadiria.

Fikiria kwa vipimo. Wiketi nzima ina upana wa sentimita 22.86 na mpira una kipenyo cha sentimita 7 na kidogo. Sheria inataka nusu ya mpira iwe ndani ya eneo la wiketi ndipo uamuzi wa “hakutoka” ugeuzwe. Chini ya hapo inabaki kauli ya mwamuzi. Maana yake ni kwamba pembezoni mwa wiketi umewekwa ukanda mwembamba, wa sentimita tatu na nusu hivi, ambamo mashine inasema, “Nadhani ungegusa, lakini siwezi kuapa.” Katika ukanda huo lazima mtu fulani aamue, na aliyekuwepo ni mwamuzi. Wewe unaona mpira mmoja umepewa majibu mawili. Mimi naona shaka moja imeachiwa kwa aliyepewa kazi ya kubeba shaka. Na tambua kwamba tangu 2017 anayekata rufaa na kuangukia hapo haporwi rufaa yake, jambo ambalo ni haki kabisa.

Zaidi ya hayo, ukisema kila mguso ni kutoka, wapigaji watakaoumia kwanza ni wanaocheza warushaji wa mpira wa kuzungusha kwenye viwanja vikavu, na mechi za siku tano zitakuwa zinaisha siku ya tatu. Kamati ya kriketi ya ICC, baraza la kriketi la dunia, ilipolitazama jambo hili Machi 2021 iliamua kauli ya mwamuzi ibaki, ikapandisha tu kidogo mpaka wa juu wa eneo la wiketi. Mwenyekiti wake alikuwa Anil Kumble. Huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa India kule Sri Lanka mwaka 2008, aliyefanikiwa mara 1. Sidhani kuna mtu mwenye sababu zaidi ya kuuchukia mfumo huu, na bado alitetea sehemu yake ngumu kuliko zote kueleweka.

Kamera ya Pembeni

Nimefanya kazi ya picha za michezo kwa muda, si kriketi peke yake, na kuna jambo ambalo uzi huu haujaligusa. Mnazungumzia “teknolojia” kama kitu kimoja, na hali ni vifaa vingi visivyokubaliana. Hawk-Eye, mfumo wa kufuatilia mpira, ilianza mwaka 2001 kama pambo la televisheni ya Uingereza, la kumfurahisha mtazamaji nyumbani. Hot Spot ilitumia kamera za joto kuonyesha mpira umegusa wapi, na baada ya Ashes ya 2013 iliyojaa malalamiko, kuanzia Usman Khawaja wa Australia kutolewa Manchester bila alama yoyote kuonekana kwenye gongo, imani kwake ikashuka. Vipimo vya sauti vikachukua nafasi kubwa. Kila kimoja kina udhaifu wake, na ustadi wa mwamuzi wa tatu uko katika kujua kipi akisikilize lini.

Mfano bora ni Melbourne, Desemba 2024. Yashasvi Jaiswal akiwa na mikimbio 84, India wakijitahidi kuokoa mechi, mpira mfupi wa Pat Cummins ukapita karibu naye ukadakwa na mlinda wiketi. Joel Wilson, ndiyo, yuleyule wa Leeds, akasema hakutoka. Cummins akakata rufaa. Mwamuzi wa tatu, Sharfuddoula wa Bangladesh, akaangalia picha akaona mpira umebadilika mwelekeo ulipopita kwenye gongo na glavu. Kisha ukaja mstari wa sauti, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, hakuna hata mtikisiko. Akaamua kufuata macho, akamtoa. Mashabiki wa India wakasema amepuuza teknolojia. Lakini picha nayo ni teknolojia! Alichofanya ni kukataa kukiruhusu kifaa kimoja kikanushe kilichoonekana wazi kwenye kingine, na mimi, kwa mtazamo wa kazi yangu, nasema alifanya sawasawa.

Kwa upande mwingine kuna Cape Town, Januari 2022. Mwamuzi Marais Erasmus alimtoa Dean Elgar wa Afrika Kusini kwa mpira wa Ashwin wa India, na karibu kila aliyetazama aliona ametoka. Elgar akakata rufaa, mpira ukafuatiliwa, ukaonyeshwa unapita juu ya vijiti. Erasmus mwenyewe alisikika akishangaa. Wachezaji wa India wakaenda kutoa hasira zao kwenye maikrofoni ya kijiti, wakiwasema waliotengeneza matangazo. Inawezekana macho yote yalidanganyika kuhusu mdundo wa uwanja ule, na inawezekana pia kwamba hatukuzoea. Ninachotaka kusema ni kwamba pale makadirio yanapokwenda kinyume na macho ya wote, hakuna anayeweza kuingia ndani ya kompyuta akaonyeshwa hesabu.

Halafu kuna fedha, jambo ambalo huzungumzwa kwa aibu. Kwa kawaida gharama ya vifaa hivi inaangukia upande wa mwenyeji na mrusha matangazo. Septemba 2021, Pakistani na New Zealand walipangiwa mechi za ova 50 (ova ni mirusho sita) ambazo zilipaswa kuhesabiwa kwenye ligi ya kufuzu Kombe la Dunia. Zikanyang'anywa hadhi hiyo kabla ya kuchezwa kwa sababu vifaa vya mfumo havikupatikana. Kwa hiyo, ndugu mleta uzi, kabla ya kuuliza kama rufaa iwe mali ya nahodha, uliza kwanza kama iwe mali ya mwenye mkataba wa televisheni.

Kijiti cha Kati (mleta uzi)

Nashukuru kwa majibu haya, ambayo yamenirudisha nyuma mahali pawili.

Ova ya Sita amenishinda kuhusu mpigaji. Nakubali kwamba mpigaji ni shahidi, na shahidi hanyamazishwi. Yeye abaki na rufaa yake, pamoja na mgao unaomfanya awe mkweli. Lakini hoja hiyohiyo inamwangusha nahodha. Nahodha anayesimama mita 30 kutoka kwa mpigaji hana ushahidi wowote. Anamuuliza mlinda wiketi, anamuuliza mrushaji ambaye kila mara anaamini ametoa mtu, anahesabu sekunde 15 zisiishe, kisha anakisia. Rufaa yake ni kamari iliyovaa joho la haki. Kwa upande huo bado nasema mwamuzi wa tatu aingilie mwenyewe.

Kuhusu muda, tayari kuna mfano. Mrusho batili wa mguu wa mbele, yaani mrushaji anapovuka mstari, sasa huangaliwa na mwamuzi wa tatu kila mpira, bila kuombwa na yeyote. Jambo hilo lilijaribiwa kwenye mfululizo wa India na West Indies mwishoni mwa 2019, likatumika kwenye Kombe la Dunia la wanawake la ova 20 la mwaka 2020, na mchezo haukusimama. Marudio hutazamwa wakati mrushaji anarudi kwenye alama yake ya kuanzia mbio. Sioni kwa nini gongo lililogusa mpira waziwazi, kama lile la Broad, lisiangaliwe katika muda huohuo. Na Koti Jeupe amenifundisha kuuacha ule ukanda wa sentimita tatu na nusu kama ulivyo. Nilikuwa tayari kuufuta.

Ova ya Sita

Kwa Broad nakuunga mkono, maana hata kipofu angelisahihisha lile. Ila mguu mbele ya wiketi si mguu wa mrushaji kwenye mstari. Mstari umechorwa chini kwa chokaa. Ukimwambia mtu achague “kosa lililo wazi” ukimwachia mwenyewe aamue wazi ni wazi kiasi gani, utamkuta kila siku analaumiwa kwa alichokiacha kuliko alichokigusa. Leo lawama za rufaa iliyopotea zinabebwa na nahodha. Kesho zitabebwa na mwamuzi wa tatu, naye hana mtu wa kumtupia.

Koti Jeupe

Nami nina swali moja kwa mleta uzi, kwa kuwa alianzia Leeds. Chini ya utaratibu wako, mwamuzi wa tatu angebonyeza kitufe, Stokes angetoka, na Australia wangeshinda kwa mkimbio mmoja. Sasa, unajua Stokes alisema nini baada ya mechi? Alisema mfumo ulikosea, kwa maelezo kwamba mpira uligusa kwanza pedi ya mguu wa mbele. Kama ni kweli, njia iliyokadiriwa ilianza kuhesabiwa mahali pasipo sahihi. Sisemi Stokes alisema kweli. Mpigaji aliyebaki na mikimbio 135 ana kila sababu ya kuamini hivyo. Lakini wewe mwenyewe umekubali hapo juu kwamba mpigaji ni shahidi. Katika utaratibu wako, shahidi huyo angesikilizwa wapi?

Kijiti cha Kati (mleta uzi)

Sikuwa nimelifikiria hilo la pedi ya mbele. Nimerudi kuutazama mpira ule mara nyingi usiku huu, kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa pole. Mara ya kwanza niliona ametoka wazi. Kadiri nilivyorudia ndivyo nilivyoanza kuona kitu kwenye pedi ya mbele, na sina hakika kama nakiona kwa sababu kipo au kwa sababu umeniambia. Kwa mguso wa gongo na mrusho batili nabaki na msimamo wangu. Kwa mguu mbele ya wiketi naomba nipewe muda, na mwenye picha ya pembeni ya mpira ule, iliyopigwa kutoka upande wa mguu, aiweke hapa tuitazame pamoja.